Ng'ombe Waliochunika Manyamanyama

Wenzangu wa karakana, mmeniomba niwaandikie namna ya kuandaa visanamu vya reseni ili rangi ishike. Maelekezo mnayo tayari, yameandikwa kwenye kopo la rangi kwa herufi ndogo ambazo siku hizi siwezi kuzisoma hata nikivaa miwani. Lakini mwenye kiwanda cha kopo hajawahi kufika Mara, na kuna mambo hakuyajua. Nitayaandika kama yalivyotokea, na mnivumilie nikienda polepole. Nimestaafu, sina haraka tena.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana wa Kigera, nimemaliza shule na najua kupiga chapa kidogo. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila idara ilitaka kufundisha kitu: kilimo cha pamba, choo bora, kisomo cha watu wazima. Nikaambiwa kuna nafasi kwenye karakana ya zana za kufundishia pale Nyasho, mjini Musoma. Nilidhani zana ni ubao na chaki. Nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kwa miguu, na kichwani nilikuwa nimeshajipangia meza, kiti na mashine ya chapa.

Mashine haikuwepo. Palikuwa na meza ndefu chini ya dirisha, na juu yake kundi la ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole cha kati. Hawakuwa wamepakwa rangi bado, walikuwa na ule umanjano wa reseni tupu, na mwanga wa dirishani ulipita masikioni mwao. Kila mmoja alikuwa na nundu yake na ngozi iliyolegea shingoni. Mmoja alikuwa amegeuza kichwa anajilamba ubavu. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, nimechunga, nimekamua, nimekanyagwa. Lakini siku ile ndiyo nilimwona ng'ombe kwa mara ya kwanza. Nikasahau kutoa salamu, nikanyoosha mkono.

"Usiguse," mtu akasema nyuma yangu. "Vidole vyako vina mafuta."

"Nimenawa, baba."

"Hata askofu akinawa, vidole vyake vina mafuta. Akigusa hapo, rangi itatoka."

Huyo ndiye Fundi Mafuru, mwalimu wangu kwa miaka yote iliyofuata. Ufundi aliupata misheni, ambako ujana wake wote alikarabati sanamu za watakatifu: pua zilizovunjika, vidole vilivyopotea, mavazi yaliyopauka. Reseni aliijulia kwa watu waliokuwa wakijenga boti za faiba ziwani. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukisifu. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia karibu. Alinipa mswaki wa meno uliochakaa, akanionyesha beseni.

Basi kazi yenyewe ni hii. Reseni unaichanganya na dawa ya kugandisha, unaimimina kwenye kalibu ya mpira. Kalibu lazima kwanza uipake nta, la sivyo kisanamu hakitatoka, kitang'ang'ania humo kama mgeni aliyeonja kitoweo. Nta hiyohiyo inayokusaidia kukitoa ndiyo itakayokataa rangi. Kwa hiyo unakiacha kikauke hadi kiishiwe harufu. Kinachonuka bado kibichi, na fundi anayepaka kibichi apelekwe akalime. Halafu unakwangua kingo zilizobaki penye kiungo cha kalibu, unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, unasugua kwa mswaki hadi chini ya mkia na katikati ya kwato, unasuuza. Kikikauka unapitisha msasa uliochakaa, kwa upole, ili rangi ipate pa kujishikiza. Unakichomeka kwenye msumari uliopigiliwa kwenye kizibo cha chupa, na kuanzia hapo unashika kizibo, hushiki ng'ombe. Praima, yaani rangi ya msingi, nyepesi. Rangi nyepesi. Tena nyepesi. Vanishi. Mwenye pupa hupaka nzito mara moja, kisha hulaumu kiwanda.

Na kuna jaribio moja ambalo halimo kwenye kopo. Baada ya kuosha, dondosha tone la maji mgongoni mwa kisanamu. Maji yakitandaa, pamekuwa safi. Maji yakijikunja yakawa shanga, mafuta bado yapo, rudi kwenye beseni. Fundi Mafuru alinifanya nirudie jaribio hilo mwezi mzima kabla hajaniruhusu kushika brashi. Nililia mara mbili, zote za hasira.

Siku ya kwanza aliyoniacha nipake jicho, alisimama pembeni bila kupumua. Jicho la ng'ombe wa ukubwa ule ni nukta nyeusi na, juu yake, nukta nyeupe ndogo kuliko punje ya ulezi. Nilipoweka ile nyeupe, ng'ombe akanitazama. Sina namna nyingine ya kueleza. Nilirudi hatua moja nyuma, na Fundi Mafuru akasema, "Eeh. Ndiyo hivyo," akaenda kunywa chai. Nimepaka macho kwa zaidi ya miaka thelathini tangu siku hiyo, na sijawahi kuzoea.

Mtu wa tatu karakana alikuwa Mama Nyakaho. Alikuwa mjane kutoka upande wa Butiama, amehamia mjini kwa ajili ya kibarua hicho, na alikuwa akilea watoto wa marehemu dada yake. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji, kuosha visanamu pamoja nami, na kuvipanga rafuni vikauke. Aliosha vizuri kuliko mimi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na ukimya wake mrefu, kwa hiyo hatukumuuliza mengi. Hilo lilikuwa kosa letu, na mtaliona sasa hivi.

Ikaja kazi kubwa, ya kwanza ya visanamu vya kutiwa majini. Mkoa ulikuwa unajenga majosho vijijini, maana ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa inamaliza ndama. Wafugaji hawakuyataka. Ng'ombe wa mtu aingizwe kwenye mtaro wa maji yenye dawa hadi shingoni, eti kwa sababu ya kupe? Afisa aliyesimamia kampeni, kijana mwenye bidii kutoka mkoa wa mbali, alihutubia sana habari za kupe. Lakini miaka ile neno kupe lilitumika pia kwa wanyonyaji, na wazee wengine walirudi nyumbani wakiamini josho ni la kuogeshea wenye maduka. Ndipo afisa akaja kwetu. Alitaka kijiji kizima juu ya ubao: nyumba, zizi, josho linaloingia maji kwelikweli, na kundi la ng'ombe arobaini. Mmoja wao awe mgonjwa, amevimba mitoki chini ya masikio, kichwa kimeinama, manyoya yamesimama, ili watu wajifunze kumtambua mapema.

Tulifanya kazi ile kwa mapenzi yote. Fundi Mafuru alichonga mgonjwa yule peke yake, na alipomaliza, Mama Nyakaho alimtazama, akaweka mkono kinywani, akasogea mbali. Fundi aliona, akafurahi kwa ndani.

Tukaenda Bunda. Pale Manyamanyama watu walijaa uwanjani, wengi wafugaji na wakulima wa pamba, wamesimama na fimbo zao. Ubao ulipofunuliwa zogo lilikoma. Nikaona wazee wamechuchumaa, wanaonyeshana, wanabishana huyu ni wa zizi la nani. Niliona fahari ambayo sijui kama ni dhambi. Afisa akachukua ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe, akamtumbukiza kwenye josho dogo lililojaa maji, akampitisha hadi upande wa pili, akamnyanyua juu ili wote waone.

Rangi ya mgongo ikateleza. Ilitoka vipande, kuanzia katikati ya pembe hadi kwenye mkia, ikaning'inia ubavuni, na chini yake ukaonekana ule umanjano mtupu.

Afisa akamtumbukiza wa pili, labda kwa kuchanganyikiwa. Naye akachunika. Wa tatu hivyohivyo. Ndipo mzee mmoja akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayethibitisha jambo alilolijua siku nyingi, "Kumbe linachunaga."

Uwanja ukaanza kutawanyika. Habari haina miguu lakini siku ile ilikwenda kuliko gari letu. Kabla hatujafika Musoma, vijiji vyote vya njiani vilikuwa vimesikia kwamba josho la serikali linachuna ngozi, na kwamba serikali yenyewe imeonyesha hadharani.

Afisa alikuja karakana asubuhi yake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Ndugu Mafuru, umeiharibu kampeni ya mkoa. Kitu kama hiki kina jina. Kinaitwa hujuma."

"Ni rangi imekataa, Ndugu," Fundi akasema.

"Rangi haikatai yenyewe. Baada ya wiki mbili tuna mkutano upande wa Butiama, na josho la kule limeshajazwa dawa. Ng'ombe wakiingia, tutasema ilikuwa bahati mbaya. Wasipoingia, naandika barua, na neno hilo litakuwemo."

Ninyi hamkuyaishi hayo, kwa hiyo niwaambie. Mtu aliyeandikiwa hujuma miaka ile hakupoteza kazi tu. Alipoteza salamu za majirani. Fundi Mafuru alikaa kwenye stuli yake, akamnusa ng'ombe aliyechunika, akamweka chini, akaitazama mikono yake. Mikono ile iliyopaka macho ya ulezi. Sikuweza kuitazama.

Nilikuwa na hofu yangu pia, maana msimamizi wa kuosha nilikuwa mimi. Nikawapanga ng'ombe wote mezani, nikawakagua mmoja mmoja kwa maji. Nyumba hazikuchunika. Watu hawakuchunika. Ng'ombe thelathini na tisa walichunika, wote mgongoni, wote kwa mstari uleule mmoja. Na mgonjwa hakuchunika hata kidogo. Nilimloweka maji mchana kutwa, mitoki na yote, akabaki vilevile. Kopo moja, praima moja, brashi moja. Niliona nywele zinanisimama.

Tukamimina kundi jipya. Nikaosha kwa mkono wangu mwenyewe, nikadondosha tone kwenye kila mgongo, maji yakatandaa vizuri. Tukawaweka rafuni wakauke. Kesho yake nikadondosha tena, nikiwa tayari kupitisha msasa. Maji yakawa shanga. Mafuta yalikuwa yamerudi yenyewe wakati ng'ombe wamesimama rafuni.

Siku iliyofuata tukaosha tena wote. Saa ya kula mchana ilipofika, nilijifanya naenda, nikarudi kwa mlango wa uani.

Mama Nyakaho alikuwa amesimama mbele ya rafu. Mkononi alikuwa na kichupa cha samli. Alichovya kidole, akamgusa ng'ombe katikati ya pembe, akakipitisha kidole mgongoni hadi kwenye mkia, taratibu, huku akisema maneno kwa lugha ya kwao. Akahamia wa pili. Kila mmoja alimpa jina. Nilisikia majina: la mwenye baka, la mweusi, la yule anayejilamba ubavu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye kanisani, na mimi pale mlangoni nilijiona nimeingilia sala. Nilipaswa kukasirika, na hasira haikuja. Nilisisimka mwili mzima.

"Mama," nikasema mwishowe, "unafanya nini?"

Hakushtuka. "Ninawapokea, mwanangu."

"Unawapokea?"

"Ng'ombe anaingiaga nyumbani bila kupakwa? Atakaaje? Atazaaje?" Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekosa malezi. "Kwa ukoo wetu hakunaga. Hata akiwa mdogo hivi."

"Na huyu?" Nikamwonyesha mgonjwa, aliyesimama peke yake mwisho wa rafu.

"Huyo anaumwa. Mgonjwa hapakwagi mpaka apone."

Nilikwenda nikakaa chini ya dirisha. Nikisema, Mama Nyakaho ataondolewa, na watoto wa dada yake watakula nini? Nikinyamaza, Fundi ataandikiwa barua. Mwishowe nilimwita Fundi nyuma ya karakana nikamwambia yote, na machozi yalinitoka nikiwa naeleza.

Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Miaka mingapi nimetengeneza watakatifu," akasema. "Watu wakapiga magoti. Lakini walikuwa wameambiwa wapige. Huyu mama hakuna aliyemwambia."

"Sasa tufanyeje, Fundi?"

"Kosa ni langu. Nimefanya kazi naye miaka, sikumuuliza hata siku moja ng'ombe akija nyumbani kwao inakuwaje."

Akaingia ndani, akamwamkia kwa heshima, akamwuliza kama ng'ombe anaweza kupakwa samli baadaye, akishakauka vanishi. Mama Nyakaho alifikiri. Akasema inawezekana, mradi wasiwe wametoka boma, yaani hapo karakana. Hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye utaratibu wa karakana yetu hatua ambayo mliikuta na hamkupata kuielewa: kuosha, msasa, praima, rangi, vanishi, na samli ya Mama Nyakaho. Akaoshwa kila mmoja upya, akapakwa upya. Fundi hakumtajia afisa jina la Mama Nyakaho, na mimi aliniapisha nisilitaje.

Mkutano wa Butiama ulifanyika kando ya josho lenyewe. Mama Nyakaho tulikwenda naye, maana ni kwao. Afisa akamtumbukiza ng'ombe mdogo kwenye josho dogo, mara moja, mara tatu, mara kumi. Hakuchunika. Mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu hadi nikaitoboa. Lakini wafugaji hawakusogea. Walisimama na ng'ombe wao mbali, ng'ambo ya uwanja.

"Hawa mmewatengeneza wengine," akasema mzee aliyekuwa mbele, jina lake Magesa, mwenye kundi kubwa kuliko wote. "Wale wa Bunda walichunika. Ndugu yangu aliwaona kwa macho yake. Hawa wa leo mmewagandisha kwa kitu gani?"

Afisa akaeleza habari ya rangi. Akaeleza tena. Kila alivyoeleza, ndivyo walivyozidi kurudi nyuma, na nikamwona anatoa kalamu mfukoni. Fundi Mafuru alitazama ile kalamu, akainamisha kichwa. Nami nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeapa.

Mama Nyakaho akapita katikati yetu. Alikwenda hadi mbele ya Mzee Magesa, akapiga goti kidogo, akasema kwa lugha ya kwao. Mimi nilishika nusu, iliyobaki alinieleza baadaye. Alisema: wale wa Bunda walichunika kwa sababu yangu. Waliletwa nyumbani wakiwa wachanga, hawajavaa ngozi bado, nami niliona aibu waingie bila kupokewa, nikawapaka samli. Ngozi ikavikwa juu ya samli, ikateleza. Josho halikuwachuna. Niliwachuna mimi, kwa kuwapenda.

Alisema hayo mbele ya afisa aliyeweza kumwachisha kazi palepale, na sauti yake haikuyumba. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wenye vyeo na watu wenye bunduki. Sijaona ujasiri mwingine kama ule.

Mzee Magesa akamwuliza jambo moja. "Uliwapaka wote?"

"Wote. Mgonjwa sikumpaka."

"Sawasawa," akasema mzee, na waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa kichwa.

Afisa hakuelewa hata neno. Akamgeukia Fundi Mafuru. "Huyu mama amesema nini?"

Fundi akafuta jasho. "Amesema rangi haishiki penye mafuta, Ndugu."

Afisa akaandika hivyohivyo kwenye daftari lake, rangi haishiki penye mafuta, akapiga mstari chini. Ni maelekezo sahihi. Ukiyafuata, hutakosea.

Mzee Magesa akazungumza na watu wake, kisha wakaleta ng'ombe mmoja. Hakuwa bora, alikuwa mzee, pembe moja imevunjika, mfugaji hawezi kumlilia sana. Wakamsukuma hadi kwenye mlango wa josho. Akakataa, akarudi nyuma, wakamsukuma tena, na akaruka. Maji yalimfunika hadi kichwani. Kwa kitambo tuliona maji tu yakicheza. Kisha pembe, kisha pua, na miguu ikaanza kukwaruza saruji akipanda upande wa pili. Akasimama juani, maji yanamchuruzika, akajikung'uta hadi akatulowesha sote.

Mzee Magesa akamwendea. Akashika manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili, akayavuta kwa nguvu. Akavuta ubavuni. Akavuta begani. Akavitazama vidole vyake, havikuwa na kitu. Fundi Mafuru alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, na Mama Nyakaho amesimama karibu naye.

Mzee akageuka, akawaita watu wake kule ng'ambo ya uwanja.

"Leteni waliobaki."